Baba ana tatizo la moyo kushindwa, dozi zinapandishwa kila wiki na presha imeshuka hadi 98. Nipunguze dawa?

BintiWaKwanza

Habari zenu ndugu zangu. Naandika saa nane usiku, usingizi umegoma. Nikieleza vibaya niulizeni.

Baba yangu ana miaka 63. Alilazwa siku tisa. Miguu ilikuwa imevimba hadi mapajani, kulala chali hawezi, usiku kucha anakaa ameegemea mito mitatu anahema. Walimtoa maji kwa sindano za furosemidi, akaingia na kilo 84 akatoka na 77. Kipimo cha eko kilionyesha moyo umetanuka, na kila pigo unasukuma asilimia 25 tu ya damu iliyomo kwenye chemba ya kushoto. Daktari alisema moyo wenye afya husukuma 55 kwenda juu.

Siku mbili kabla ya kuruhusiwa wakamwanzishia dawa nne kwa mpigo, mbali na furosemidi: kidonge kimoja chenye sakubitrili na valsatani, bisoprololi, spironolaktoni na dapagliflozini. Kadi yake ya kliniki imeandikwa wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya sita. Wiki ya kwanza walipima damu, wakasema figo na potasiamu viko sawa, wakapandisha bisoprololi kutoka 2.5 hadi 5, na kile kidonge cha mchanganyiko kutoka 24/26 hadi 49/51. Jumanne tunarudi, na daktari ameshasema akiona hali inaruhusu ataongeza tena.

Sasa shida yangu. Baba maisha yake yote presha yake ni 150, 160. Tangu walipoongeza dozi inasoma 98 kwa 60. Jana 101 kwa 62. Baba mdogo alikuja akaona mashine, akasimama mlangoni akasema, "Mnammaliza kaka yangu kwa vidonge." Halafu akasoma karatasi iliyomo kwenye boksi la dapagliflozini akaniuliza kwa nini mtu asiye na kisukari anapewa dawa ya kisukari. Sikuwa na jibu.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mimi ndiye ninayepanga vidonge kwenye kisanduku chake. Juzi usiku nilipopima nikaona 98, niliondoa kile cha sakubitrili na valsatani kabla hajafika kukichukua. Hakujua. Akalala vizuri, asubuhi ikasoma 112, nikafurahi, kisha nikaogopa kwa sababu sijui nilichokifurahia ni nini.

Naomba mnisaidie mawili. Je, upo utafiti unaoonyesha kwamba kupandisha dozi haraka hivi kunamsaidia mgonjwa, au ni mazoea ya huyu daktari? Na je, nikigawanya vidonge nusu kwa nusu hadi Jumanne nitakuwa nimekosea?

NesiWaKliniki

Pole sana, dada. Nimefanya kazi kliniki ya moyo miaka kumi na miwili, na swali lako naulizwa karibu kila wiki, mara nyingi na mtoto anayelala chumba cha pili akisikiliza pumzi za mzazi wake.

Usigawanye. Ila kabla sijafika kwenye utafiti, nataka kujua mambo ambayo namba ya 98 haiwezi kuniambia. Akisimama anaona giza? Ameanguka? Mkojo umepungua? Anaongea sawasawa, viganja vina joto? Mpime akiwa amekaa dakika tano, kisha asimame, baada ya dakika moja na tena baada ya tatu umpime, uandike zote. Mtu mwenye 98 anayetembea hadi chooni na kurudi bila kuyumba ni tofauti kabisa na mwenye 98 anayeshika ukuta. Akizimia, akichanganyikiwa, au kifua kikambana, hapo usisubiri Jumanne wala jibu la mtu yeyote humu. Mpeleke saa hiyo hiyo.

Kuhusu kasi, daktari wenu hakujitungia. Lipo jaribio linaloitwa STRONG-HF, matokeo yake yalitoka 2022 kwenye jarida la The Lancet. Walichukua wagonjwa 1,078 waliolazwa kwa moyo kushindwa katika hospitali 87 za nchi 14, wakawagawa kwa kura. Kundi moja likatibiwa kwa utaratibu wa kawaida wa kila hospitali. Kundi la pili likaanza karibu nusu ya dozi kabla ya kutoka wodini, likalengwa kufika dozi kamili wiki ya pili, na likawa linaonwa wiki ya 1, ya 2, ya 3 na ya 6. Itazame tena kadi ya baba.

Ndani ya siku 180, waliofariki au kulazwa tena kwa sababu ya moyo walikuwa asilimia 15.2 kwenye kundi la haraka na 23.3 kwenye kundi la kawaida. Kamati ya usalama ilishauri kuandikisha wagonjwa kusitishwe mapema, kwa sababu haikuwa haki tena kuendelea kuwaweka watu upande wa polepole.

Kinachoniuma kwenye utafiti ule ni namba nyingine. Kwenye kundi la kawaida, hadi siku ya 90, waliofikishwa dozi kamili ya dawa za jamii ya bisoprololi walikuwa 4 kati ya 100. Wanne! Nimewaona hao 96. Anatoka wodini na dozi ya kuanzia, anarudi baada ya miezi mitatu na dozi ile ile, kila aliyemwona aliogopa kuigusa, na siku moja analetwa na kiti cha magurudumu amejaa maji upya. Wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali ndizo mbaya kuliko zote, na ndizo tunazozipoteza kwa woga.

Sasa kwa nini presha inashuka. Moyo ukidhoofika, mwili unaona damu haifiki vizuri, unadhani umeishiwa maji. Unamwaga adrenalini, unabana mishipa, unashikilia chumvi. Kwa mtu anayevuja damu hiyo ni kinga. Kwa baba yako ni mjeledi juu ya punda aliyechoka. Dawa zake tatu zinauzuia mjeledi huo, kila moja kwa njia yake, na kushuka kwa presha ni sehemu ya kumpunguzia moyo mzigo anaosukumana nao.

Ya nne ni hiyo ya "kisukari". Mwambie baba mdogo hakukosea kusoma, ila karatasi haikumweleza yote. Mwaka 2019 jaribio la DAPA-HF liliwafuatilia wagonjwa 4,744 wa moyo kushindwa, na zaidi ya nusu hawakuwa na kisukari. Moyo kuzidiwa au kifo kitokanacho na moyo au mishipa kilitokea kwa asilimia 16.3 ya waliopewa dapagliflozini, na 21.2 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Wasio na kisukari walifaidika sawa na wenye nacho. Na kwa presha, hii inashusha kidogo sana. Ila akitapika au akiwa hali kabisa, mpigie daktari, kwa kawaida huwa tunaisimamisha kwa muda.

Kile kidonge ulichokiondoa, mwambie daktari Jumanne. Asipojua, ataamua dozi ya wiki ijayo kwa kuangalia dawa ambayo mwilini haikuwemo.

Na niambie, anatumia dawa gani nyingine? Za maumivu hasa.

MfamasiaWaWodi

Nesi ameeleza vizuri. Naongeza kwa sababu nimeona watu wakishika nusu ya habari hizi na kuumia.

Kwenye STRONG-HF, ukitenganisha vifo peke yake, ilikuwa asilimia 8.5 kwa 10.0, tofauti ambayo inaweza kuwa ya bahati tu. Faida iliyo wazi ni kutolazwa tena: 9.5 kwa 17.1. Kwangu hilo si dogo, kila kulazwa kunauacha moyo chini zaidi ya ulipokuwa. Lakini tusimwambie dada kwamba imethibitika vifo vilipungua. Pia usumbufu wa dawa ulikuwa mwingi upande wa haraka, asilimia 41 dhidi ya 29 ndani ya siku 90. Madhara makubwa ndiyo yaliyolingana, 16 kwa 17. Yaani wengi walipata kizunguzungu, potasiamu ikapanda, presha ikashuka, na hayakugeuka maafa.

Kwa nini hayakugeuka? Kwa sababu kila ziara damu ilipimwa. Walikuwa na mipaka: hawakupandisha dozi kama presha ya juu iko chini ya 95, mapigo chini ya 55, potasiamu juu ya 5.0, au uchujaji wa figo chini ya 30. Dawa zile zile bila vile vipimo ni tiba nyingine kabisa, na hatari yake tunaijua. Mwaka 1999 jaribio la RALES lilionyesha spironolaktoni inaokoa watu wenye moyo dhaifu sana: walifariki asilimia 35 badala ya 46. Habari ikaenea, madaktari wakaiandika kwa wingi. Huko Ontario, Kanada, watafiti walipoangalia wazee wa moyo kushindwa, kulazwa kwa sababu ya potasiamu kupanda kulikuwa kumetoka 2.4 kwa kila wagonjwa 1,000 mwaka 1994 hadi 11.0 mwaka 2001. Dawa haikubadilika. Wagonjwa walikuwa wazee kuliko wale wa jaribio, na damu haikuwa ikipimwa kwa namna ile.

Kwa hiyo dada, nguvu uliyoitumia kuondoa kidonge itumie kuhakikisha hakosi kipimo cha damu hata kimoja. Potasiamu ikipanda sana haimpi mtu dalili ya kumtosha kukimbia. Inasimamisha moyo.

Jambo la mwisho, na naomba ulifanye leo. Kama baba alikuwa anatumia dawa za presha zamani, fungua kabati uangalie kama kuna enalaprili, kaptoprili, lisinoprili au ramiprili iliyobaki. Zitoe nyumbani. Zikikutana na sakubitrili uso na koo vinaweza kuvimba hadi pumzi ikazibika, ndiyo maana hata wodini tunasubiri saa 36 kati ya moja na nyingine. Mzee akiona presha imepanda siku moja anaweza kuikumbuka dawa yake ya zamani.

MzeeWaNgazi

Mwanangu, mimi si daktari. Nina miaka 71, mgonjwa wa moyo tangu 2016, nilianzia asilimia 20. Baba yako ananizidi.

Presha yangu leo asubuhi ni 96. Imekuwa 90 na kitu kwa miaka, na nyumbani kwangu chumba cha kulala kiko juu, nasimama mara moja tu katikati ya ngazi. Kilichonifundisha kuishi na namba hiyo ni kuamka kwa hatua. Nakaa ukingoni mwa kitanda, nachezesha vifundo vya miguu, nahesabu hadi thelathini, ndipo nasimama. Daktari wangu pia aliniruhusu nisimeze dawa zote kwa wakati mmoja. Zingine asubuhi, zingine jioni. Muulizeni wenu.

Niliogopa bisoprololi kuliko zote, kwa sababu rafiki yangu aliyesomea uganga zamani aliniambia kwamba walifundishwa isitolewe kamwe kwa moyo dhaifu. Ni kweli walifundishwa hivyo. Mwaka 1975 Finn Waagstein na wenzake wa Göteborg, Uswidi, waliwapa dawa za jamii hiyo wagonjwa saba, na wengi hawakuwaamini. Ikachukua hadi 1999, jaribio la CIBIS-II, watu 2,647, ndipo ikaonekana wazi: waliopewa bisoprololi walifariki asilimia 11.8, wasiopewa 17.3. Fikiria miaka 24 dawa ipo na watu wanaogopa.

Sasa nikwambie kosa langu, ili baba yako asilirudie huko mbele. Baada ya miaka miwili eko ilisoma 52. Nikasema nimepona, nikaacha dawa moja baada ya nyingine, kimya kimya, mke wangu akidhani nameza. Mwezi wa saba tangu niziache nilirudi wodini nikiwa nimeketi kwenye mito kama baba yako. Mwaka ule ule, 2018, lilitoka jaribio dogo la London, TRED-HF, la watu 51 ambao mioyo yao ilikuwa imetanuka kisha ikarudi sawa. Walioachishwa dawa walikuwa 25, na 11 kati yao ugonjwa ulirudi ndani ya miezi sita. Walioendelea na dawa, hata mmoja haukumrudia. Nilisoma lile nikiwa kitandani. Nilikuwa mmoja wa wale kumi na moja bila kuandikishwa.

Nimesoma ulivyoandika kuhusu kisanduku. Ulimpenda ukakosea njia. Mwambie baba yako ulikitoa kidonge. Mwambie yeye kabla ya daktari. Ugonjwa huu unamnyang'anya mtu mengi, ngazi, usingizi, viatu vyake, kwa hiyo asinyang'anywe na kujua anachomeza. Mpe daftari apime mwenyewe, ajiandikie mwenyewe.

BintiWaKwanza

Shikamoo Mzee, na asanteni wote. Nimechelewa kurudi, siku kumi zimepita, nilitaka nije na majibu kamili.

Nilimwambia baba Jumapili. Niliandaa maneno mengi, yakatoka matatu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia, "Basi na mimi nikwambie." Akavuta mfuko wa koti lake, akatoa karatasi ya diklofenaki. Goti lilikuwa linamsumbua tangu atoke hospitali, akawa anameza viwili kwa siku, na hakutaka niongeze wasiwasi. Mimi namwondolea kidonge usiku, yeye anaongeza kingine mchana, kwenye mwili ule ule.

Nesi, uliuliza dawa za maumivu na mimi nilikuwa na uhakika hakuna.

Jumanne tulimweleza daktari yote mawili. Hakugomba. Potasiamu ilikuwa 5.3, wakati wiki iliyotangulia ilikuwa 4.6. Kreatinini, ile inayoonyesha figo zinavyochuja, ilitoka 98 hadi 124. Alisema diklofenaki inaweza kufanya hivyo yenyewe: inaminya damu inayoingia kwenye figo, na inashikilia maji ambayo dawa nyingine zinahangaika kuyatoa. Kwa mtu wa moyo kushindwa akasema ni marufuku, na ibuprofeni vilevile. Goti amepewa parasetamoli na mazoezi ya kunyoosha.

Halafu kuhusu presha, hapa ndipo nilishangaa. Alimlaza baba, akaangalia mshipa wa shingoni, akabonyeza vifundo vya miguu, akasikiliza mapafu. Uzito ulikuwa umeshuka hadi 74.5. Akasema, "Huyu sasa amekauka." Akapunguza furosemidi, kutoka 40 mara mbili kwa siku hadi mara moja. Zile nne hakuzigusa, hakuongeza wala hakupunguza. Alinieleza kwamba furosemidi ni ya kutoa maji yakiwepo, na yakishatoka inayoanza kupunguzwa ni hiyo, kwa kuwa haimjengei moyo kinga ya muda mrefu kama zile nne. Mimi nilikuwa nimeondoa moja ya zile nne na kuiacha furosemidi. Ningegawanya nusu kwa nusu ningeendelea kukosea upande ule ule.

Akataka damu ipimwe tena baada ya siku tano badala ya wiki. Tulipima: potasiamu 4.7, kreatinini 106. Ndipo akapandisha bisoprololi hadi 7.5. Kile cha sakubitrili na valsatani kinabaki 49/51 kwanza.

Mfamasia, kabatini nilikuta enalaprili, vidonge kumi na vitatu. Nimeirudisha kwenye famasia ya hospitali wakaiharibu. Baba alikiri alishaitazama mara mbili.

Baba mdogo alikuja jana. Nilimwonyesha vipimo vyote viwili vya damu, nikamweleza ya 5.3 na ya 4.7. Aliuliza maswali mengi mazuri. Bado hapendi wingi wa vidonge, lakini amesema ziara ya wiki ya sita atampeleka yeye.

Daftari ni la baba sasa. Anapima akiwa amekaa, anasimama, anapima tena, anaandika kwa herufi zake kubwa za zamani, na siruhusiwi kumsaidia. Leo ameandika: kilo 75.8. Kukaa 104 kwa 64. Kusimama 99 kwa 62. Mapigo 61. Kizunguzungu hakuna. Mito, mmoja.